Mwaka Nilioshindwa Kuisoma Tovuti Yangu Mwenyewe

Ninaandika haya kwa mtu aliyeamka asubuhi, akaona maandishi yamefifia, akaanza kupangusa kioo cha kompyuta. Mimi nilipangusa wiki nzima. Kama na wewe uko hapo kwenye kupangusa, weka kitambaa chini, nenda hospitali, ukirudi ndipo usome yaliyobaki. Sina elimu ya udaktari na sitajifanya ninayo. Hata leo nikiulizwa ugonjwa wangu ulitoka wapi najibu sijui, na madaktari wangu walijibu hivyohivyo, ila kwa maneno marefu zaidi.

Jina langu ni Agnes, nyumbani wananiita mama Neema. Kazi yangu ni kubuni michoro: kadi za harusi, mabango ya maduka, fulana za kwaya, lebo za mifuko ya mchele. Watu wa Tunduma wanasema dizaina. Chumba changu cha kazi kilikuwa hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, kwa hiyo nusu ya wateja wangu walikuwa wa huku na nusu wa Nakonde, upande wa Zambia.

Mwaka mmoja kabla sijaugua nilitengeneza tovuti ya kuonyesha kazi zangu. Siku zile ukisema una tovuti, watu wa mjini walikutazama mara mbili, na mimi nilipenda kutazamwa. Niliitengeneza kwa akili za uchapaji, kwa sababu ndiko nilikotoka. Kwenye kadi, herufi ukishaiweka mahali pake imekaa, hakuna mtu wa kuisogeza. Niliposikia kwamba kwenye intaneti kompyuta ya mtu mwingine inaweza kukuza maandishi yako au kubadilisha aina ya herufi, nilikataa kabisa. Nikachora kila ukurasa mzima kama kadi, maneno na picha pamoja, nikaupandisha kama picha moja. Maandishi niliyafanya madogo, membamba, ya kijivu juu ya nyeupe, maana niliamini udogo ndio ustaarabu. Kwenye ukurasa wa kwanza niliweka maduara matatu bila neno lolote: jekundu kwa kadi, kijani kwa mabango, kahawia kwa fulana.

Fundi wa mitandao aliyenisaidia kuipandisha aliniuliza watu watajuaje duara lipi ni la nini. Nilimjibu kwamba mtu mwenye macho atajua. Jibu hilo limenirudia mara nyingi tangu siku ile.

Mtu wa kwanza kuonyeshwa alikuwa baba yangu. Baba ni mzee wa kanisa, mjane, anakaa kwetu tangu mama alipofariki. Alivaa miwani yake ya kununua mnadani, akaketi mbele ya kompyuta na mikono magotini kama yuko ibadani, akatazama kurasa zote moja baada ya nyingine.

"Nzuri sana, mama," akasema. "Nzuri sana."

Hakuongeza neno, na mimi sikuhitaji lingine.

Jicho la kushoto lilianza mvua zilipokuwa zinakaribia kukatika, mahindi yameanza kukauka shambani. Liliuma nikiligeuza pembeni. Nikasema ni vumbi la malori. Kisha katikati ya maandishi pakaanza kupotea, nikiangalia neno naona mwanzo na mwisho wake, tumbo la neno halipo. Nikasema ni umeme mdogo. Nilipochoka kupangusa nilikipeleka kioo kwa fundi wa kompyuta, akakiwasha mbele yangu, akasema hakina ugonjwa. Tulibishana mpaka nikamwambia hajui kazi. Namwomba radhi hapa, maana ana kwa ana niliona haya.

Aliyenifumbua ni mteja. Nakonde kuna mwenye saluni tunamwita Bana Mulenga, yaani mama yake Mulenga kwa Kibemba. Alitaka bango jekundu. Kwenye kompyuta nyekundu yangu ilionekana imechujuka, nikaikoleza. Ikabaki imechujuka, nikaikoleza tena. Bango lilipotoka kuchapwa nililiona zuri, nikamwita aje. Alisimama mbele yake akishika kiuno.

"Awe, mayo," akasema. Hapana, mama. "Mimi nilikwambia nyekundu ya lipustiki. Hii ni rangi ya ini. Nani ataingia kwenye saluni ya ini?"

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakucheka. Nikafumba jicho la kushoto kulitazama bango kwa la kulia, na kweli lilikuwa ini, ini la ng'ombe limetundikwa buchani. Nikafumba la kulia, likarudi kuwa jekundu zuri. Nikarudia hivyo pale barabarani, fumba hili, fumba lile, mpaka madereva wa malori wakadhani nawakonyeza na mmoja akanipigia honi. Nilishikwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Mchoraji akishindwa kuamini jicho lake, ataamini nini?

Nikaenda hospitali Mbeya. Daktari alinishikia kizibo chekundu cha chupa mbele ya jicho zuri, kisha mbele ya jicho bovu, akauliza jicho bovu linaona wekundu kiasi gani. Nikasema nusu. Nikafikiri, nikasema hata nusu haifiki. Akaandika. Nikamuuliza umefanyaje wekundu wenyewe, umekwenda wapi? Akasema mshipa unaotoka nyuma ya jicho umevimba. Kwa nini umevimba? Hatujajua, mama. Je, ni kompyuta? Hapana, si kompyuta. Basi ni nini? Hatujajua.

Nilitundikiwa dripu siku tatu. Baada ya hapo nikapewa vidonge, kumi na viwili kwa siku, vipungue taratibu wiki hadi wiki, na nikaonywa nisithubutu kuvikatisha mwenyewe. Tangu hapo sikuhesabu tena kwa kalenda. Nilisema ilikuwa wiki za kumi na viwili, ilikuwa wiki za nane. Ukinipa tarehe siikumbuki, ukinipa idadi ya vidonge nitakusimulia kila kitu.

Wiki za kumi na viwili uso wangu ulivimba ukawa mviringo kabisa. Nywele laini ziliota mashavuni. Nilikula ugali wangu, nikamaliza wa Neema, nikakwangua na ukoko, bado nina njaa. Wanawake wa kanisani walinipongeza kwa mimba. Nilikasirika kwa vitu vidogo, kijiko kikianguka nalia, mtu akiniuliza kwa nini nalia nafoka. Neema, aliyekuwa darasa la pili, aliniambia nifanane tena na mama. Nilikwenda kujifungia chooni.

Halafu, baridi ya Juni ilipoingia na upepo ule wa Tunduma unaopenya mpaka kwenye mifupa, jicho la kulia nalo likaanza. Nilikuwa nimeshazoea kulitegemea. Sasa nikawa nafumba hili na kufumba lile bila kujua lipi linasema kweli. Rangi ya sufuria, ya shuka, ya uso wa mume wangu, zote nilizishuku. Vidonge vikarudishwa juu.

Mume wangu Lazaro anafanya kazi kwa wakala wa forodha pale mpakani. Ni mtu mpole, lakini woga ukimwingia hugeuka kuwa mtu wa amri.

"Mama Neema, hiyo kompyuta ndiyo inakumaliza," akasema.

"Daktari amesema siyo."

"Daktari huyohuyo asiyejua ni nini?"

Tukabishana siku kadhaa, mwisho tukafikia mapatano. Nitamaliza vidonge. Vikiisha na macho yote mawili yamerudi, naendelea na kazi. Vikiisha na jicho halijarudi, kompyuta inauzwa na nafungua duka la vitenge. Nilikubali kwa sababu nilikuwa sijui kama bado mimi ni dizaina. Nani ampe kazi ya rangi mtu asiyeona rangi?

Siku chache baadaye nikafungua tovuti yangu, nadhani nilitaka kuiaga. Yale maduara matatu yakawa mawili yanayofanana, na lile la kijani limefifia. Jekundu na kahawia sikuweza kuyatofautisha. Nikabonyeza mojawapo kwa kubahatisha. Ukurasa ulifunguka mweupe. Najua palikuwa na maandishi, niliyaandika mimi, lakini kile kijivu chembamba kilikuwa kimeyeyuka. Nikaukuza ukurasa. Kwa kuwa ulikuwa picha, ulivyokua ndivyo ulivyozidi kuwa ukungu. Nilitafuta jina langu sikulipata. Nililia palepale, na safari hii vidonge havikuhusika.

Kama unakwenda kliniki ya macho kwa mara ya kwanza, nikuambie: beba chakula, na beba subira. Utawekewa matone ya kupanua mboni, kisha utaambiwa usubiri, na utasubiri ukiwa huoni hata aliyekaa pembeni yako. Sote kwenye yale mabenchi tulijuana kwa sauti. Mama mmoja wa Ibaba alikuwa akija na viazi vya kuchemsha kwenye ndoo ndogo, anagawa huku akipapasa mikono ya watu. Viazi vile vilinituliza kuliko maneno mengi.

Wiki za nane ndipo nilipoketi karibu na Mwalimu Hezron. Ni mwalimu wa sekondari kutoka Ruanda kule Mbozi, presha ya macho ilimaliza kuona kwake miaka mingi nyuma, na siku ile alikuwa amemleta dada yake. Alivaa kisikizi sikio moja na kwenye mapaja alikuwa na kompyuta ndogo, anaandika upesi kuliko mimi. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia.

"Una tovuti?"

"Ninayo," nikasema, kiburi bado kilikuwepo kidogo.

Akachomeka modemu, akaandika anwani niliyomtajia, akachomoa kisikizi ili na mimi nisikie. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Sauti ilikuwa kavu, inatamka Kiswahili kwa mdomo mgumu. Ikasema: "Picha." Akabonyeza kitufe. "Picha." Akabonyeza tena. "Picha."

Akasubiri. Haikusema kingine.

"Nimefika, dada," akasema, "lakini sijaingia."

Nilijisikia vibaya, na nikijisikia vibaya nilikuwa na ulimi mchafu wakati ule. Nikamwambia, "Mwalimu, samahani, lakini hii ni tovuti ya michoro. Asiyeona anaitafutia nini?"

Mama wa viazi aliacha kutafuna. Mwalimu hakukasirika, au kama alikasirika alificha.

"Mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mahafali shuleni," akasema. "Kadi, bango, fulana, mchaguzi nilikuwa mimi. Nilitajiwa madizaina watatu. Nilimpa kazi yule niliyeweza kusoma habari zake."

Kisha akaniuliza, kwa upole tu, "Na wewe mwenyewe, siku hizi unaisoma?"

Jina langu likaitwa ndani, nikaingia. Nilipotoka nilimkuta bado yupo, nikamwomba anifundishe.

Alichonifundisha si kingi, nakiandika hapa ukifanye. Maneno yawe maneno, si picha ya maneno, ili mtu ayakuze atakavyo na mashine iyasome. Kila picha iwe na maelezo yake yaliyofichwa nyuma, asiyeiona ayasikie. Rangi isifanye kazi peke yake. Maandishi yakolee dhidi ya kilichoko nyuma yake. Na tovuti itembelewe yote kwa vitufe, maana si kila mtu anaweza kuongoza kipanya. Akasema nikimaliza nimpigie, ataingia.

Nilianza upya wiki za sita. Nilivunja kila ukurasa. Ilinichoma kuona herufi zangu zikitoka kwenye mistari niliyozipangia na kukaa zinavyotaka. Niliandika kwa maandishi makubwa meusi juu ya rangi ya maziwa, kwa kuwa ndivyo nilivyoweza kuona mimi. Maduara nikayaondoa, nikaandika wazi: Kadi. Mabango. Fulana.

Kazi ngumu ilikuwa maelezo ya picha. Nilikuwa na kadi ya harusi niliyoipenda kuliko zote, na sikujua sasa ina rangi gani. Namba za rangi nilikuwa nazo, maana kwenye kompyuta kila rangi ina namba yake na namba haivimbi mshipa. Lakini namba haimwelezi mtu kitu. Nikamwita Lazaro.

"Baba Neema, hii ni nyekundu gani?"

"Nyekundu."

"Najua ni nyekundu. Nyekundu gani?"

"Nyekundu ya kawaida, mama Neema. Nyekundu si nyekundu?"

Tuligombana kidogo, kisha akavuta stuli akakaa. Akasema ni kama nyanya iliyoiva, lakini si ile ya sokoni, ile ambayo bado iko kwenye mche. Nikaandika. Picha iliyofuata akasema kijani cha majani ya mgomba baada ya mvua, na akajishangaa mwenyewe kwa kusema hivyo. Kuanzia jioni hiyo alikuwa akitoka mpakani anaoga, anakaa kwenye stuli. Miezi ile hatukuwa tumekaa pamoja bila ugomvi. Bana Mulenga naye alikuja na lipustiki yenyewe mkononi, Lazaro akaitazama, mimi nikatafuta namba, bango likarudiwa. Safari hii alisema, "Ee, mayo, ndiyo hii."

Nilidhani Lazaro amesahau mapatano yetu. Hakuwa amesahau. Wiki za vidonge viwili aliniambia amepata mnunuzi wa kompyuta, mtu wa Vwawa, atakuja vidonge vikiisha kama ikilazimu. Sikumwelewa. Jana ananielezea kijani cha mgomba, leo ana mnunuzi. Nilipomuuliza alisema, "Nataka uone, Agnes. Sitaki kitu kingine." Aliniita kwa jina langu, na yeye huwa haniiti kwa jina.

Nusu kidonge cha mwisho nilikimeza Novemba, siku mvua ya kwanza ilipopiga mabati. Kesho yake tulikuwa Mbeya. Kizibo chekundu tena. Jicho la kulia limerudi karibu lote. La kushoto, daktari akasema, lina tundu katikati na tundu hilo litakaa. Nikamuuliza kama ugonjwa utarudi. Akasema hajui. Nikamshukuru kwa kutonidanganya, ingawa ningependa sana kudanganywa siku ile.

Jioni tulikaa sebuleni, mimi, Lazaro na baba, hakuna aliyewasha redio.

"Tulipatana," akasema Lazaro taratibu.

"Tulipatana," nikasema. "Acha nimwonyeshe baba kwanza. Ndiye aliyeiona ya zamani."

Baba akavaa miwani yake, akaketi, mikono magotini. Nikamfungulia ukurasa unaosema mimi ni nani, nikamwonyesha kitufe cha kukuza maandishi. Akakibonyeza. Akakibonyeza tena na tena, mpaka neno moja moja likajaa kioo. Kisha baba yangu, ambaye kwa miaka yote hiyo sikuwa nimemsikia akisoma kitu kwa sauti zaidi ya mistari ya tenzi aliyoijua kwa moyo, akaanza kusoma.

"Agnes. Mbunifu. Wa. Michoro."

Nikauliza, "Baba, ile ya kwanza, ulisoma nini?"

"Ile? Sikusoma kitu, mama. Niliona mwanga mweupe." Hakuniangalia. "Na wewe ulikuwa umesimama hapo pembeni unafurahi. Ningekuambiaje?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini mimi nilikuwa nimefichiwa ndani ya nyumba yangu, na nyumba ilikuwa ya dizaina, na baba alikuwa akinyoosha mkono kutafuta kikombe cha chai mbele ya macho yangu mazima. Nilihesabu miaka nikaona aibu.

Baba hakuwa na habari na aibu yangu. Aliendelea kusoma kwa kidole hewani, mstari kwa mstari, mpaka akakoma ghafla, akarudi mstari wa nyuma, akasoma tena peke yake kwa mdomo tu. Kisha akageuka kwenye kiti.

"Hapa umekosea."

"Wapi?"

"Umeandika umezaliwa Tunduma. Wewe hukuzaliwa Tunduma. Ulizaliwa Ivuna. Tulikwenda kuchemsha chumvi na mama yako, uchungu ukamshika palepale kwenye vyungu, tukarudi na chumvi mifuko miwili na wewe. Kwa nini unamdanganya mtu anayesoma?"

Nilikuwa nimeandika Tunduma kwa sababu Tunduma ni mji. Kwenye tovuti ya zamani niliandika hivyohivyo, mwaka mzima mbele ya dunia nzima, na hakuna aliyenisahihisha. Nilianza kucheka, kisha nikalia, na Lazaro akainuka kwenye stuli akatoka uani na simu. Nilimsikia akimwambia mtu wa Vwawa kwamba asisumbuke kuja.

Nilivuta kibodi. Nikasogeza uso mpaka jicho la kulia likaipata mistari, nikafuta Tunduma, nikaandika Ivuna, nikahifadhi.

"Soma tena, baba," nikamwambia.

Akasogea karibu na kioo, akasoma.